Malaria Ikipanda Kichwani

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za mchana.

Leo siji na habari za chandarua wala madimbwi, hayo mmeyasikia tangu shuleni. Nimekuja kusema jambo moja ambalo huku kwetu tunalifumbia macho: mgonjwa wa malaria hubadilika tabia, na mabadiliko hayo ni dalili kama zilivyo homa na kutapika. Yanapaswa kutajwa zahanati, hata kama daktari hajauliza.

Kuna mabadiliko yasiyotisha. Vimelea wanapozipasua chembe nyekundu za damu, kinga ya mwili hushtuka na kumwaga kemikali zinazoitwa saitokini. Hizo ndizo zinazopandisha homa, ila kazi yake haiishii kwenye joto. Ubongo nao hupata habari, na mwenendo mzima wa mtu unageuka. Hataki kula, hataki watu, taa inamkera, watoto wakicheka uani anaona kero, machozi yanamtoka na akiulizwa hana jibu. Hata mafua makali hufanya hivyo. Mama mpole anausukuma uji mpaka unamwagika mkekani, na binti aliyekesha naye anaondoka akiwa ameumia moyo. Binti yangu, mama hajakuchukia. Mwili wake umebana matumizi ili upambane na ugonjwa. Homa ikishuka, hasira nayo hulegea, ingawa unyonge unaweza kubaki siku kadhaa.

Sasa twende kwenye yanayoua, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Plasmodium falciparum, kimelea kilichoenea zaidi kwetu, kina tabia mbaya. Chembe za damu kilizoingia hunata kwenye kuta za mishipa midogo, na mishipa ya namna hiyo imo pia kwenye ubongo. Damu inapita kwa shida. Wakati huohuo sukari mwilini inaweza kuporomoka. Ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, hiyo peke yake inatosha kuiita malaria kali. Ile sindano ya kwinini tuliyoitumia miaka mingi nayo ilikuwa ikishusha sukari, hasa kwa wajawazito. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano nyingine, atesuneti, ichukue nafasi yake hata kwa watoto wenye malaria kali, baada ya utafiti mkubwa katika nchi za Afrika kuonyesha kwamba inaokoa maisha zaidi.

Nyumbani mambo huanza hivi. Mjukuu anaingia chumbani, anamwamkia babu yake. Babu ambaye maisha yake yote huitikia “marahaba” kwa sauti ya kujaza nyumba anageukia ukuta. Baadaye anaanza kuvuta shuka, anaongea na marehemu kaka yake, anamfukuza mkewe akimwita mwizi. Watu wanatazamana. Mmoja anasema amechezewa, mwingine anakumbushia ugomvi wa shamba. Mimi simcheki mtu kwa imani yake, na dua mwombeeni, nami nitaitikia amina. Lakini dua isomwe njiani kwenda hospitali. Malaria kali inaweza kumaliza mtu ndani ya saa 24, na usiku mmoja wa kubishana nani kamroga ni usiku tuliomnyima dawa.

Muulize mgonjwa: hapa ni wapi? Leo siku gani? Mtoto wako wa mwisho anaitwa nani? Akikosea yale aliyoyajua jana, ondokeni naye. Kama yu macho na anameza vizuri, mpeni maji yenye sukari. Akiwa amelegea au hajitambui, msimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni, mlazeni ubavu. Mtoto mwenye degedege ni vivyo hivyo, na kijiko msimtie kati ya meno.

Mkifika, semeni. Hili ndilo ninalolililia. Mhudumu anapima joto, anachoma kidole kwa kipimo cha haraka, lakini hajui kama huyu aliyenyamaza kwenye benchi ni mkimya wa kuzaliwa au ameanza kunyamaza alfajiri. Nyinyi mnajua. Mwambieni: “Huyu si kawaida yake. Imeanza tangu usiku.” Na wenzangu wauguzi mlio hapa, ulizeni hata kama foleni imefika nje.

Dawa nazo zina sehemu yake. Meflokwini, waliyokuwa wakipewa sana wasafiri na wanajeshi, iliwaletea baadhi yao ndoto za kutisha, wasiwasi na hata kuona visivyopo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa onyo zito kabisa. Dawa ya mseto ya malaria tunayopewa zahanati haina sifa hiyo, hivyo asikatize mtu dozi yake kwa hofu.

Mwisho, kuna waliopona. Wachache, ndani ya miezi 2 baada ya vimelea kuisha, hupata kuchanganyikiwa, kutetemeka au degedege. Mara nyingi hutulia, ila warudishwe hospitali. Kwa watoto madhara yanaweza kukaa muda mrefu zaidi. Huko Kampala walifuatiliwa watoto waliopona malaria ya ubongo, na baada ya miaka 2 karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na shida ya kumbukumbu, umakini au kujifunza. Mtoto huyo anarudi darasani, hatulii, anasahau aya aliyoisoma asubuhi, na anachapwa kwa utundu. Mzazi, nenda shuleni ukamweleze mwalimu kilichompata mwanao, tena nenda na cheti cha hospitali. Mwalimu, mkalishe mbele, mrudie maelekezo taratibu, na fimbo iweke kando.

Nimeona mkono wa yule mama pale nyuma tangu nilipotaja wajawazito. Karibu mama, uliza.