Fomu ya Sifuri: Kuratibu Watu wa Kujitolea katika Hifadhi ya Pwani

Mabibi na mabwana, waratibu wenzangu, na ninyi nyote mnaotoa muda wenu kwa ajili ya fukwe, mikoko na miamba ya matumbawe, nawashukuru kwa kuja na kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi.

Uratibu wa watu wa kujitolea una mambo mengi, nami sitaweza kuyagusa yote. Nimechagua kuanzia kwenye karatasi moja, yaani fomu iliyojazwa na mtu aliyetembea ufukwe mzima bila kuona kile alichotumwa kukitafuta. Juu ya fomu hiyo pana tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya upepo na majina ya waliokwenda. Chini yake pana safu nzima ya sifuri. Naamini kwamba uimara wa mradi wowote wa sayansi shirikishi, yaani utafiti ambao wananchi wa kawaida huukusanyia taarifa, hupimwa kwa idadi ya fomu za namna hiyo zilizomo katika kumbukumbu zake. Fomu iliyojaa hupatikana bila shida, kwa kuwa nyangumi akikwama ufukweni watu hupiga simu wenyewe. Kazi ya mratibu ni kumfanya mtu atoke tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata, akijua kwamba huenda ataandika sifuri, na aiandike kwa uaminifu.

Kwa nini sifuri ina uzito kiasi hicho? Kati ya kiangazi cha mwaka 2015 na majira ya kuchipua ya mwaka 2016, ndege wa baharini wanaojulikana kitaalamu kama Uria aalge, wapatao 62,000, waliokotwa wakiwa wamekufa au wakiwa mahututi kwenye fukwe kuanzia California hadi Alaska. Wakati huo Pasifiki ya kaskazini-mashariki ilikuwa imekumbwa na joto lisilo la kawaida lililovuruga chakula cha ndege hao. Watafiti waliochapisha uchambuzi wa tukio hilo mwaka 2020 walitegemea sana taarifa za watu wa kujitolea, wakiwemo wale wa COASST, mpango ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington mwishoni mwa miaka ya 1990 chini ya uongozi wa Profesa Julia Parrish. Sasa, ndege wa baharini hufa kila mwaka, na baadhi yao hutupwa na mawimbi kila mwaka. Ili mtu athubutu kusema kwamba vifo vimepita kiasi, sharti ajue kiasi chenyewe ni kipi, na kiasi hicho kiliandikwa na wananchi waliokuwa wakipita kwenye fukwe zao kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, mara nyingi wakikuta mzoga mmoja tu au wasikute kitu. Bila wao, rundo la mizoga lingekuwa habari ya kuhuzunisha isiyo na cha kulinganishwa nacho.

Utaratibu wa COASST unastahili kutazamwa kwa karibu, maana unaonyesha jinsi kazi ya mtu asiye mtaalamu inavyoweza kuaminiwa na mtaalamu. Anayekuta mzoga huanza kwa kuutazama mguu, kwa kuwa mguu hudumu hata manyoya na nyama vinapokuwa vimeharibika, na umbo la mguu huelekeza kwenye jamii ya ndege. Kisha hupima mdomo, bawa na mguu, hupiga picha mzoga ukiwa kando ya kipimo, na huufunga vibanio vyenye rangi ili atakayepita mwezi ujao ajue kwamba huo umeshahesabiwa. Picha na vipimo hubaki kuwa ushahidi, hivyo mtaalamu aliye mbali anaweza kuthibitisha au kusahihisha jina la ndege bila kumtilia shaka aliyemwona. Huo ndio uaminifu ninaoutaka katika miradi yetu, uaminifu unaotokana na utaratibu unaoweza kukaguliwa.

Nije kwenye mafunzo, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Fikirieni fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50, imelazwa juu ya nyasi za bahari wakati maji yamekupwa. Katika mpango wa Seagrass-Watch, ulioanzia Queensland, Australia, mwaka 1998, fremu hulazwa kila baada ya mita 5 kando ya mistari mitatu yenye urefu wa mita 50, nayo mistari hiyo imeachana kwa mita 25, hivyo eneo moja hutoa vipimo 33. Fremu hupigwa picha kabla ya kitu chochote kuguswa, halafu mpimaji hukadiria ni asilimia ngapi ya eneo lililo ndani yake imefunikwa na nyasi. Ugumu uko hapo kwenye kukadiria. Majani yaliyolala chini baada ya maji kutoka huonekana mengi kuliko yalivyo, mwani uliojishika kwenye majani hulidanganya jicho, na mtu aliyechoka, jua likiwa utosini, huvutwa na namba rahisi kama 25 au 50.

Ndiyo sababu wapimaji hupewa karatasi ya picha za kulinganishia. Mimi ningeongeza zoezi moja ambalo halina gharama. Watu watano waizunguke fremu moja, kila mmoja aandike kadirio lake bila kusema neno, kisha wayasome kwa sauti. Mmoja atasema 20, mwingine 45, na mjadala utakaozuka hapo utawafundisha zaidi ya hotuba ya asubuhi nzima. Zoezi hilo lirudiwe mwanzoni mwa kila msimu, tena wazoefu wasisamehewe, kwa sababu makadirio ya mzoefu huweza kupotoka polepole bila mtu kuthubutu kumsahihisha.

Katika mafunzo hayohayo, mtu afundishwe tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Aliyeandika sifuri ametazama na hakuona. Aliyeacha nafasi wazi pengine hakutazama, pengine alisahau, pengine mvua ilimkimbiza. Mchambuzi wa takwimu hawezi kukisia ni lipi kati ya hayo, na akikisia vibaya, kiumbe ambacho hakikutafutwa kitahesabiwa kuwa kimetoweka. Fomu iwe na mahali pa kuandika kwamba kipimo hakikufanyika na sababu yake.

Lakini fomu nzuri haitoshi ikiwa sifa zetu zinakwenda kwingine. Katika makundi yetu ya ujumbe wa simu, mtu akituma picha ya kasa anataga, pongezi humiminika mchana kutwa. Mwenzake akituma taarifa kwamba amemaliza sehemu yake na hakukuta alama yoyote, hajibiwi na mtu. Baada ya miezi michache, huyu wa pili ataanza kuruka zamu, au, jambo lililo baya zaidi, ataanza kuona vitu ambavyo hana uhakika navyo. Simlaumu. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba kinachothaminiwa ni kuona. Mratibu awe wa kwanza kuijibu taarifa ya sifuri, kwa jina la aliyeituma, na mara kwa mara aonyeshe mchoro wenye nukta za miezi yote ili kila mmoja aione nukta yake imesimama mahali pake.

Kuhusu ratiba, maji hayafuati siku za juma. Katika pwani nyingi wakati wa maji kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Anayepanga vipimo vya kila Jumamosi asubuhi atajikuta mara kwa mara watu wake wamesimama mbele ya bahari iliyojaa. Lipo hata hivyo jambo la kumsaidia. Katika mahali pamoja, maji ya bamvua hupwa karibu saa zilezile kila yanaporudi. Saa hizo zikiwa za mchana, atahitaji wastaafu, wanafunzi na wafanyakazi wa zamu. Zikiwa za alfajiri, atahitaji wanaoishi jirani. Jedwali la maji lisomwe kabla ya kuandikwa tangazo la kutafuta watu.

Usalama nitaupitia kwa ufupi, kwani kanuni zake hazina ubishi. Watu wasiopungua wawili waende pamoja, mtu wa tatu ajue saa yao ya kurudi, sindano na mapipa yasiyojulikana yasiguswe, na mizoga isishikwe kwa mikono mitupu, hasa tangu homa ya ndege ya H5N1 ilipoanza kuua ndege wengi wa baharini mwaka 2022.

Mtaniuliza kuhusu kampeni kubwa za usafi wa fukwe. Naziheshimu. Ile ya kimataifa ilianza Texas mwaka 1986, wakati Linda Maraniss na Kathy O'Hara walipowaomba watu waokote taka na pia waandike kila walichookota, na wazo hilo la kuandika ndilo lililoifanya idumu. Hata hivyo, siku moja ya watu wengi haiwezi kuonyesha mwelekeo wa mambo peke yake. Mpango wa OSPAR, mkataba wa nchi zinazolinda mazingira ya bahari ya Atlantiki ya kaskazini-mashariki, hupima taka katika kipande kilekile cha ufukwe chenye urefu wa mita 100, mara nne kwa mwaka, na humo mabadiliko huonekana. Kampeni ni mahali pazuri pa kukutana na watu, na kabla hawajatawanyika wachache waulizwe kama wako tayari kukitunza kipande kimoja mwaka mzima.

Wachache hao wasiwe wenye uwezo peke yao. Kujitolea kuna gharama ya nauli, ya viatu, ya muda wa simu na ya kibarua kilichoachwa siku hiyo. Mradi usiorudisha nauli utabaki na wale wasioihitaji, na utawakosa wavuvi na waokota chaza, ambao wanaijua sehemu hiyo ya bahari kuliko yeyote kati yetu. Hao wahusishwe tangu swali la utafiti linapoundwa, si kuitwa mwishoni kusikiliza matokeo. Pia waulizwe ni taarifa zipi wanaona zisitangazwe. Mahali halisi pa viota vya kasa, kwa mfano, pakianikwa hadharani huwafikia pia wanaokuja kuiba mayai, na ndiyo maana iNaturalist, jukwaa la mtandaoni ambako watu huweka taarifa za viumbe walivyoviona, huficha mahali kamili pa spishi zilizo hatarini.

Jambo la mwisho ni kupokezana. Sisi waratibu huondoka kwa uhamisho, kwa uchovu au kwa ufadhili kuisha, na mfululizo wa vipimo hukatika kwa sababu ndogo sana, kama vile kutojulikana mstari ulianzia wapi. Kila eneo liwe na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu asiyewahi kufika, yaani namba za GPS, picha za mwanzo na mwisho wa mstari zikiwa na kitu kisichohama nyuma yake, mwelekeo wa dira, na aina ya fomu iliyokuwa ikitumika mwaka gani. Kisha apewe mgeni kweli, aende peke yake na karatasi hiyo, aitafute sehemu ya kuanzia. Asipoipata, maelezo yaandikwe upya wakati anayeijua angali yupo.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali yenu.