Cap Corse: Rasi Iliyosukumwa Baharini

Ahsante mwenyekiti, nanyi ndugu mliofika. Hebu tazameni ramani ya Corsica, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Mediterania, hapo ukutani. Kisiwa kimekunja ngumi, kikanyoosha kidole kimoja kuelekea Genoa, mji wa bandari wa Italia. Kidole hicho ndicho Cap Corse: urefu wake ni kama kilomita 40, upana kati ya 10 na 15, na katikati kuna safu ya milima inayopita mita 1,300. Upande wa magharibi milima hiyo inakatika ghafla majini.

Magharibi na kusini mwa Corsica kumejaa graniti. Rasi hii ni ya shisti, mwamba wa matabaka, na sepentini, mwamba wa kijani, mabaki ya sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu wakati milima ya Alpi ikijikunja. Hiyo sepentini tutakutana nayo tena.

Wakorsika wengi walikuwa wachungaji wa milimani; pwani waliikwepa kwa sababu ya malaria na maharamia. Watu wa rasi hawakuwa na pa kukwepea. Ardhi ya kulima ni haba, basi wakawa mabaharia, wakapeleka divai yao Genoa. Maharamia kutoka Afrika Kaskazini wakawafuata huko huko. Ndipo katika karne ya 16, chini ya utawala wa Genoa, ikajengwa minara ya ulinzi pwani nzima, mmoja ukionekana kutoka kwa mwingine. Mlinzi akiona tanga la kutilia shaka, mchana anafukiza moshi, usiku anawasha moto, na wanakijiji wanapanda milimani na mifugo yao.

Mnara wa Nonza, kijiji cha pwani ya magharibi ya rasi, si wa Wagenoa, ni wa enzi ya Pasquale Paoli, kiongozi wa Corsica huru. Mwaka 1768 Genoa iliikabidhi Ufaransa kisiwa, na majeshi yakaja kukichukua. Inasimuliwa kwamba nahodha Jacques Casella alibaki peke yake mnarani baada ya wenzake kutoroka. Akafunga bunduki kwa kamba, akawa anazifyatua huku akipaza amri kwa askari wasiokuwepo. Wafaransa wakakubali kikosi kitoke kwa heshima zote. Akatoka mzee mmoja anayechechemea. Chumvi imo, bila shaka, lakini ukisimama juu ya jabali lile unaona kwamba mtu mmoja angeweza kweli kuwasumbua wengi.

Karne ya 19 wengi walihamia bara la Amerika, Puerto Rico na Venezuela. Waliofanikiwa walirudi kujenga majumba ya kifahari, ambayo wenyeji huyaita nyumba za Wamarekani.

Sasa chini ya mnara huo wa Nonza kuna ufuo mpana, mweusi, ambao wageni huupiga picha wakidhani ni kazi ya volkano. Huo ni uchafu wa mgodi. Ndani ya ile sepentini mna asbesto, ile ile iliyoezekea majengo yetu mengi ya zamani. Kaskazini kidogo, katika kijiji cha Canari, asbesto ilichimbwa kwa wingi kuanzia 1949 hadi 1965. Mawe yaliyopondwa, mamilioni ya tani, yalimwagwa baharini moja kwa moja. Mkondo ukayasukuma kusini, ukaifukia ghuba ya Albo, ukaja kujenga ufuo wa Nonza. Vijana huokota mawe meupe na kuandika majina yao juu ya kokoto nyeusi, herufi kubwa zinazosomeka kutoka mnarani. Kiwanda kitupu bado kimesimama kando ya barabara. Mgodi hauongezi kitu tena, na mawimbi yameanza kuula ufuo wenyewe.

Karibuni maswali.