Mfuko wa Bi. Byrne

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Wiki hii nilikwenda kumsalimu shangazi nikiwa na riwaya mkononi, na wageni walipobisha hodi aliichukua, akaitumbukiza ndani ya kikapu cha ukili, kisha akaendelea kumimina kahawa kana kwamba hakikutokea kitu.

JUMA: Basi shangazi ana mwenzake London. Mwaka 1960, kampuni ya vitabu ya Penguin iliposhtakiwa katika mahakama ya Old Bailey kwa kuchapisha Lady Chatterley's Lover, riwaya ya D. H. Lawrence iliyodaiwa kuwa chafu, Dorothy Byrne, mke wa jaji aliyesikiliza kesi hiyo, alimshonea mumewe mfuko wa kitambaa wa kubebea kitabu. Tuligusie hilo kidogo, kisha tuingie kwenye mafunzo matatu ya uhifadhi wa nyaraka tuliyowaahidi.

REHEMA: Mafunzo yatasubiri, kaka Juma. Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, aliwauliza watu 12 wa baraza la mahakama, raia wa kuamua kama kuna hatia, watatu kati yao wanawake, kama wangependa wake zao au watumishi wao wakisome kitabu kile. Kumbe nakala ya jaji mwenyewe ilisomwa na mkewe, akaitia alama na kumwandalia mumewe orodha ya kurasa zenye mambo ya faragha!

JUMA: Mfuko huo unakupoteza njia. Hazina ya Chuo Kikuu cha Bristol ni mafaili ya Michael Rubinstein, wakili wa Penguin, kwa sababu sheria ya Uingereza ya 1959 kuhusu machapisho machafu ilitaka kitabu kipimwe kizima, tena ikaruhusu wataalamu waeleze thamani yake kama fasihi. Waandishi, wahadhiri na viongozi wa dini waliandikiwa barua, na mashahidi 35 wa utetezi wakasimama. Hata majibu ya waliokataa yanafaa kusomwa: Enid Blyton alieleza kwamba hajakisoma, na isitoshe mumewe alikataa palepale.

REHEMA: Huyo naye angefaa kushonewa mfuko.

JUMA: Unajuaje kwamba mfuko ni aibu? Huenda Bi. Byrne alitaka tu wapiga picha wasikione kitabu mlangoni mwa mahakama.

REHEMA: Na kuwaficha wapiga picha kitabu ni nini, kama si aibu?

JUMA: Sikubali. Nakala na mfuko viliuzwa kwa pauni 56,250 mwaka 2018, serikali ikazuia visitoke Uingereza, na mwaka 2019 Bristol ikavinunua. Ningependa fedha hizo ziweke mafaili mtandaoni, mwanafunzi wa Mombasa au Dodoma ayasome, kwa maana kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na cha 175 cha Tanzania, bado vinahukumu machapisho ya kuharibu maadili kwa lugha tuliyoachiwa na wakoloni.

REHEMA: Mwanafunzi huyo hataligusa faili la wakili bila kuvutwa na kitu. Tena, dola iliyotaka kitabu kisisomwe ndiyo iliyokuja kukizuia kisiondoke. Hilo hulipati kwa Rubinstein.

JUMA: Nimekusikia, na bado nasema mafaili kwanza.

REHEMA: Nami bado nasema mfuko.

JUMA: Mtayarishaji ananionyesha saa, na mafunzo matatu hatujagusa hata moja. Itoshe kusema kwamba tarehe 2 Novemba 1960 Penguin haikupatikana na hatia, na kitabu kilipoingia madukani siku chache baadaye, nakala 200,000 zikaisha siku ya kwanza.

REHEMA: Zote bila mfuko.

JUMA: Kwaherini, wasikilizaji.