Uzi, gundi au stapla: kovu la shingo baada ya operesheni ya goita

Shikamooni wazee, na wengine wote karibuni. Nimeombwa niongee kuhusu kovu la shingoni baada ya operesheni ya goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, na sababu naijua, huku nyanda za juu kusini karibu kila ukoo una bibi au shangazi aliyekuwa na goita, chumvi ya madini joto imesaidia sana lakini wagonjwa bado wanakuja, na nikishamweleza mama mambo ya damu, mishipa ya sauti na kalsiamu ananisikiliza kwa adabu mpaka mwisho halafu analeta swali lake, eti dokta, mtanishona na nini, uzi au ile gundi?

Jibu langu huwa linamkatisha tamaa kidogo. Ukirudi baada ya mwaka mmoja, mimi mwenyewe nikiangalia hilo kovu siwezi kukwambia lilishonwa na nini. Watu wamelinganisha sana hivi vitu, wiki za mwanzo unaweza kuona tofauti, ikifika miezi sita, mwaka, makovu mengi yanafanana. Kinacholeta tofauti kubwa ni mstari ulipita wapi, chini ya ngozi kumefanyika nini, na ngozi yako yenyewe ni ya aina gani.

Tuanze na mstari. Hebu kila mtu ainamishe kidevu kidogo, shika shingo, unaona ile mikunjo? Sisi tunataka kukata ndani ya mkunjo, kwa mlalo, kama kola ya shati, mtindo aliotuachia daktari wa upasuaji Mswisi, Theodor Kocher wa kule Bern, aliyepata Nobel mwaka 1909 kwa kazi ya tezi hii hii. Sasa kosa linafanyikaje: mgonjwa akishalala thieta, mto chini ya mabega, kichwa kimeenda nyuma, ngozi yote ya shingo inavutwa kuelekea juu, ukichora mstari hapo unaona uko pazuri kabisa, akija kukaa wima mstari umeshuka mpaka kwenye mitulinga. Na kovu likikaribia kifua ndo linapenda kuvimba. Kwa hiyo mimi namchora mgonjwa akiwa amekaa, macho, kabla ya dawa ya usingizi, na akina mama nawaambia vaa ule mkufu wako tuone unakaa wapi. Dakika mbili tu hizo.

Chini ya ngozi ya shingo kuna msuli mwembamba sana, unaitwa platisma. Tukimaliza tunatoa kwanza ule mto wa mabega ili shingo ilegee, tunaushona msuli peke yake kwa uzi unaoyeyuka, na hapo kingo za ngozi zinakuwa zimeshakutana zenyewe, hazivutani. Fundi cherehani wananielewa: kitambaa ukikivuta ndo ukishone, hata uzi uwe wa bei gani pindo litakunjamana tu.

Ngozi sasa. Uzi wa ndani unapita chini kwa chini kama pindo la gauni, hauonekani, wa kuyeyuka hautolewi. Uzi wa nje wa nailoni ni sawa pia, ila utolewe mapema, shingo ina damu nyingi inapona haraka, siku ya tatu mpaka ya tano inatosha, ukiachwa wiki mbili unaacha zile alama kama reli, na hizo ndo watu wanadhani ni kosa la uzi. Stapla, vile vibanio vya chuma, ni za haraka na zinatoka haraka. Gundi inaokoa muda, unaweza kuoga, inabanduka yenyewe ndani ya siku tano mpaka kumi, ila ni ghali na usiipake vaselini, mafuta yanailegeza. Na tafadhali sana, supaglu ya dukani siyo hiyo! Inaunguza ngozi. Nimeshaona kijana kajiziba nayo kidonda, sitaki kuona tena.

Kuna jambo moja nalijali kuliko urembo. Nikiwa bado intern, yaani daktari wa mafunzo, usiku, mama aliyefanyiwa operesheni mchana akaanza kuhangaika, shingo inajaa, hawezi kulala chali, damu inavujia ndani na inabana njia ya hewa. Nesi wa wodi, mtu mzima, hakunisubiri mimi nifikiri, akachukua mkasi uliokuwa umebandikwa pale kichwani mwa kitanda akafungua nyuzi zote palepale, ngozi mpaka ndani, bonge la damu likatoka, mama akavuta pumzi. Tangu siku hiyo namna yoyote ya kufunga shingo naipima kwa swali hilo, saa nane usiku inafunguka kwa sekunde ngapi? Kovu lake lilikuwa pana kidogo, hakuwahi kulalamika.

Ngozi yenu. Ngozi nyeusi inaota keloidi zaidi, yale makovu yanayovimba na kuendelea kukua, kwa hiyo kabla ya kisu naangalia masikio yaliyotobolewa, naangalia ile chanjo ya begani. Keloidi inavuka mipaka ya kidonda na inaweza kuja miezi baadaye. Kovu lililovimba lakini limebaki ndani ya mstari wake, mara nyingi linatulia lenyewe. Ukiona linawasha na linanyanyuka njoo mapema, tunachoma sindano za triamsinoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kovu, kila baada ya wiki nne hivi. Keloidi ukiikata tu bila tiba nyingine, mara nyingi inarudi, pengine kubwa zaidi. Plasta za silikoni zinasaidia, ila uvae saa kumi na mbili au zaidi kwa siku, miezi miwili mitatu. Limau, majivu, dawa ya meno, mkorogo, hapana. Jua likwepe, funga kitambaa chepesi.

Nimeona mkono pale nyuma. Mzee anasema alifanyiwa miaka ishirini iliyopita, na kovu lake akimeza mate linapanda na kushuka. Basi hapo ngozi imegandia kwenye koo, msuli ulio kati ya ngozi na koo pengine haukufungwa vizuri. Inarekebishika mzee wangu, kwa ganzi tu, tunaliachanisha na kuweka tabaka katikati. Njoo mbele hapa kwenye mwanga, ukae, umeze mate nione.