Jangwa Lina Wenyewe: Vitabu vya Kusoma Kabla ya Likizo ya Turkana

Walimu wenzangu, wazazi wetu mliofika, na ninyi vijana mliokaa karibu na dirisha, asalaam aleikum na habari za jioni. Nashukuru kikundi chenu cha wasomaji kwa kunialika hapa Mbale. Mwenyekiti ameniambia kuwa likizo ya Desemba mnataka kwenda Moroto, katika Karamoja, mvuke mpaka kuingia Kenya, kisha mteremke hadi Lodwar na Ziwa Turkana. Akaniuliza swali ambalo wasafiri wengi hawaulizi: kabla ya kwenda, tusome nini?

Nitalijibu, na vitabu nitavitaja kwa majina. Lakini kwanza niseme kinachoniongoza ninapochagua, maana huenda mkifika dukani hivyo nilivyovitaja msivikute. Mimi kitabu cha jangwani nakipima kwa jambo moja: je, ndani yake jangwa lina wenyewe? Maandishi mengi kuhusu nchi kavu huanza kwa kusema hakuna. Hakuna mti, hakuna maji, hakuna mtu, ni upepo na jua tu. Halafu anatokea msafiri, anateseka, anashinda, anarudi kwao. Ukifika mwisho umemjua msafiri barabara, lakini nchi yenyewe hujaijua. Ukienda Turkana ukiwa na kitabu cha namna hiyo kichwani, utapita kando ya kisima cha watu ukadhani ni shimo.

Kupima ni rahisi, na muuza vitabu hatakukataza. Fungua katikati ya kitabu, si mwanzo, kwa sababu mwanzoni kila mwandishi ana adabu. Mtafute mtu wa pale. Ana jina? Anasema, au kazi yake ni kubeba mizigo na kuelekeza njia kwa kidole? Kuna jambo analolijua ambalo mwandishi halijui, na mwandishi amekiri hivyo? Ukipitia kurasa kumi bila kumwona mtu huyo, kirudishe kitabu mezani.

Sisi wa Uganda tuna sababu yetu ya kuwa wakali katika hili. Mwaka 1972 Colin Turnbull, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Uingereza, alichapisha "The Mountain People". Kinawahusu Waik, watu wachache wanaoishi kwenye milima ya kaskazini mwa Karamoja, upande wa Morungole, jirani na hifadhi ya wanyama ya Kidepo. Turnbull aliishi kwao katikati ya miaka ya 1960, wakati wa ukame na njaa kali. Akawaandika kuwa ni watu waliokwisha kupoteza upendo, mzazi hamjali mtoto na mtoto hamjali mzee. Akafika hata kupendekeza kwa serikali kwamba watawanywe, jamii yao isiwepo tena. Kitabu kikasomwa pande nyingi za dunia. Mwaka 1975 mwongozaji wa tamthilia Peter Brook akakifanya mchezo wa jukwaani huko Paris, na watu ambao hawangeweza kuionyesha Karamoja kwenye ramani wakatoka ukumbini wakiamini kuwa wanawajua Waik.

Mwaka 1985 mwanaisimu Mjerumani Bernd Heine, aliyeifanyia utafiti lugha ya Waik, aliandika makala ya kumpinga. Alieleza kuwa Turnbull hakuijua lugha yao vya kutosha, na kwamba baadhi ya watu aliowategemea kwa habari hawakuwa Waik. Pia Turnbull aliwaeleza kama wawindaji walionyang'anywa mawindo, ilhali Heine aliwakuta ni wakulima. Mimi naongeza langu: watu waliokuwa wanakufa njaa waliandikwa njaa yao kana kwamba ndiyo tabia yao. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu makala ya Heine wameisoma wataalamu wachache, na kitabu cha Turnbull bado kinauzwa. Sisemi kifichwe. Nasema kisiwe cha kwanza, na kijana asiachiwe akisome peke yake bila mtu wa kumwambia yaliyofuata.

Badala yake anzeni na "Warrior Herdsmen" cha Elizabeth Marshall Thomas, kilichotoka mwaka 1965. Kinawahusu Wadodoth, ambao ni majirani wa Waik, nchi ya Kaabong. Huyu mama ni Mmarekani, mgeni kama Turnbull, na miaka ile ile ya 1960. Tofauti ni kwamba kwake watu wana majina, wana ugomvi wa nyumbani, wanacheka, na ng'ombe wanajulikana mmoja mmoja. Mkishakisoma hicho, mtaelewa kwa nini kijana wa huko anaweza kumwimbia fahali wake. Mtaelewa pia uchungu wa kuibiwa mifugo, kwa sababu kitabu chote kinapita katikati ya uvamizi baina ya Wadodoth na Waturkana. Ila kumbukeni kuwa humo Mturkana anaonekana kwa macho ya adui yake, nanyi mnakwenda kuwa wageni wa huyo Mturkana. Kwa hiyo someni pia, popote mtakapoyapata, maandishi kuhusu mapatano ya Lokiriama ya Desemba 1973, pale wazee wa Turkana na wa Matheniko walipokubaliana kuacha kushambuliana. Lokiriama iko upande wa Kenya, si mbali na njia ya kutoka Moroto kwenda Lodwar. Wamatheniko ndio wenyeji wa Moroto, mahali ambapo huenda mkalala usiku wa kwanza. Mapatano hayo bado yanaadhimishwa, na ni aibu kupita jirani ya mahali pale bila kujua.

Jambo dogo nilisahihishe hapa hapa: Karamoja si jangwa. Wanajiografia huita jangwa mahali panapopata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka au karibu na hapo. Karamoja hupata zaidi ya hiyo, ni nchi kame, na watu wanalima mtama. Lodwar ndiyo iliyo chini ya mstari huo. Kwa hiyo njiani mtaiona nchi ikibadilika, na huo peke yake ni mtihani mzuri kwa mwanafunzi wa jiografia.

Sasa maji, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Kitabu cha pili cha kusoma kiwe cha maji. Kinaweza kuwa kitabu cha jiografia cha shule chenye ramani nzuri, si lazima kiwe cha bei. Fungueni ramani, wekeni kidole juu ya mlima huu ulio nyuma yetu. Mto Suam unaanzia Elgon. Unashuka ukiwa mpaka kati yetu na Kenya, unapokea jina la Turkwel, unafungwa na bwawa la umeme kule kwenye korongo, kisha unapita Lodwar na kuishia ziwani. Yaani mvua inayonyesha juu ya Elgon, ile inayotuletea matope na maporomoko sisi huku, sehemu yake ndiyo inayonyweshwa mbuzi wa Lodwar. Hamwendi nchi ngeni kabisa. Mnaufuata mto ambao chanzo chake kiko kwenu.

Ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko yote ya kudumu yaliyomo jangwani duniani. Maji yake yana magadi. Turkwel unachangia, lakini karibu asilimia 90 ya maji yanayoingia huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na mwaka 2016 bwawa kubwa la Gibe III lilizinduliwa juu ya mto huo. Basi tazameni mwaka wa kitabu kabla ya kukiamini. Kuna vilivyotabiri kwamba ziwa litanywea, na miaka ya karibuni limepanda likafunika sehemu za ufuo. Mkikuta kitabu kinachosema jambo moja kwa uhakika mkubwa, wavuvi wa pale ndio wa kuwauliza.

Na msiposoma lingine lolote la maji, someni kuhusu laga, ile mito ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka ni mikavu. Watu wanachimba mchangani kwa mikono mpaka maji yatokee, wakati mwingine kwenda chini sana, na yule aliyechimba ana haki juu ya kisima chake. Mgeni haendi pale na dumu lake, anaomba. Mvua ikinyesha milimani mbali, laga hujaa ghafla huku juu yenu mbingu ni nyeupe. Ndiyo sababu hatupigi hema humo hata mchanga uwe laini namna gani. Mtu aliyesoma vitabu vya Sahara peke yake anaweza kuyakosa haya. Vitabu hivyo vitamwambia usiku jangwani ni baridi kali, abebe sweta zito, kumbe Lodwar usiku mwingi ni joto. Vitampa picha ya matuta ya mchanga, wakati hata Sahara sehemu yake kubwa ni mawe na changarawe, na Chalbi, upande wa mashariki wa ziwa, ni kitanda cha ziwa lililokauka. Wazee walituambia usisafirie nyota ya mwenzio, na kwa msomaji wa vitabu vya safari onyo hilo ni la kweli kabisa.

Hata hivyo Sahara nisiiache nje, kwa sababu imeandikwa na wenyewe. Mtafuteni Ibrahim al-Koni. Ni Mtuareg wa Libya, alizaliwa mwaka 1948, na anaandika kwa Kiarabu. Riwaya yake iliyotafsiriwa kwa jina la "Gold Dust" ni ya kijana na ngamia wake, na mapenzi yaliyopo kati ya hao wawili, na gharama ya mapenzi hayo. Ni fupi. Naisifu bila kusita. Mkiisoma kabla ya kuwaona ngamia wa Turkana hamtawatazama kama mapambo ya kupigia picha. Mwili wa ngamia unastahili heshima hiyo: anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake kwa kukosa maji akabaki hai, kisha akafika kisimani na kunywa lita mia moja kwa dakika chache. Nundu ni mafuta, si tangi la maji kama tulivyofundishwa wengi wetu utotoni.

Na kuna Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, ambaye sisi wasomaji wa Kiswahili tuna deni naye, maana alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akatuachia habari zake. Mwaka 1352 alivuka Sahara kwenda Mali. Tafuteni sehemu ile tu, msibebe kitabu kizima. Anaeleza Taghaza, kijiji ambacho nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Kisha anamweleza kiongozi wa msafara wao jangwani, mtu wa kabila la Massufa. Jicho moja lilikuwa halioni na la pili linaumwa, na bado hapakuwa na mtu aliyeijua njia kumshinda. Ibn Battuta alikuwa ametembea nchi nyingi kuliko karibu kila mtu wa zama zake, naye akaandika wazi kwamba mtu wa pale alijua zaidi. Hicho ndicho kipimo changu cha awali, na kitabu cha karne ya 14 kinakifaulu.

Vitabu vya wapelelezi wa Ulaya vije mwisho. Samuel Teleki, mkabaila wa Hungaria, na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika ziwani mwaka 1888, wakaliita Rudolf kwa jina la mrithi wa ufalme wa Austria, na jina hilo likakaa mpaka mwaka 1975. Waliokuwa wakikaa ufuoni hawakuulizwa. Von Höhnel aliandika kitabu kinene cha safari hiyo. Kisomeni mkiwatazama wapagazi, kwa sababu wengi walikuwa watu wa pwani, wasemaji wa lugha hii tunayoisema hapa, na safarini alikuwemo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Fanyeni hivyo hivyo na vitabu vya mafuvu ya kale. Mifupa ya yule kijana wa Nariokotome, magharibi mwa ziwa, wa miaka kama milioni moja na nusu iliyopita, wa kwanza kuiona mwaka 1984 alikuwa Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa fundi wa kutafuta mifupa ya kale. Majina yaliyo kwenye jalada kwa kawaida ni ya wengine.

Kuhusu muda, someni sasa. Kule mchana jua halikuachii nafasi ya kusoma, jioni kuna watu wa kuzungumza nao, na vumbi linaharibu gundi ya kitabu. Bebeni kimoja, kiwe cha mashairi au riwaya fupi, kifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Habari za barabara, mpaka na usalama msizitoe vitabuni, ulizeni madereva wa Moroto siku ile ile.

Limebaki moja. Nimetaja waandishi wengi, na hakuna Mturkana wala Mkaramojong hata mmoja kati yao. Sijapenda kuwa hivyo. Habari nyingi za watu hawa zimo vinywani mwao, katika nyimbo na kesi za wazee, hazimo dukani. Lakini Wakaramojong tunao hapa hapa Mbale, kule Namatala, tunapishana nao sokoni kila siku. Nimemwomba mwenyekiti awaalike wazee wao wawili kabla ya safari, mwanamke na mwanamume, watueleze visima, ng'ombe na namna ya kuingia katika boma la mtu. Walipwe nauli na posho kama anavyolipwa mhadhiri yeyote, na pawepo mkalimani. Vijana waandike, kisha waliyoyaandika wasomewe wazee wenyewe wayasahihishe. Mwenyekiti amekubali, tarehe atawatangazia yeye. Orodha ya kuazima vitabu iko mezani kwa katibu, na nakala ya "Warrior Herdsmen" ni moja, kwa hiyo atakayeichukua asikae nayo zaidi ya wiki.