Anamngoja Bibi Yake

Shikamooni wazee wetu. Hamjambo, wazazi wenzangu, nanyi wahudumu wa afya mliotoka Base Camp, Juru na Rubondo, kanda zote tatu za makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Asubuhi hii mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu akili yake haikukomaa, huzuni ataijulia wapi?" Naomba nianzie hapo.

Nilimhudumia kijana wa miaka 22 mwenye ulemavu wa akili na maneno machache tu. Alianza kujigonga kichwa ukutani, akakataa ugali, na kila jioni habanduki mlangoni. Kituo walichompeleka kwanza kilimpa dawa ya usingizi, wakasema ndivyo alivyo. Sivyo alivyokuwa! Bibi aliyemlea alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Siku ya mazishi walimficha kwa jirani, wakamwambia bibi amesafiri. Basi akawa anamngoja.

Mwaka 1982 huko Marekani, Steven Reiss na wenzake waliwapa wanasaikolojia habari za mtu mwenye dalili zilezile. Walioambiwa kwamba ana ulemavu wa akili hawakuona sana haja ya kumtibu. Ulemavu uliwaziba macho wasione ugonjwa. Na hivi ni vitu viwili: ulemavu wa akili mtu hukua nao tangu utotoni, lakini sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na hofu humpata yeyote, na mwanao yumo.

Kwa hiyo tabia ikibadilika ghafla, anza na mwili. Mwangalie meno, masikio, mpime malaria, uliza kama dawa ya kifafa imebadilishwa. Asiyeweza kusema "jino linaniuma" atalisema kwa kichwa chake. Kisha jiulize: nani ameondoka? Na hili ni zito, lakini msiliogope, wazazi wangu: nani amekuwa akimgusa? Watoto wetu hawa huchaguliwa na waovu kwa sababu wanajua hawataaminiwa.

Tiba ya mazungumzo wanaiweza, ila sisi ndio tubadilike. Sentensi iwe fupi. Uliza jambo moja, kisha nyamaza. Kimya chake kisikutishe, bado anatafuta jibu. Usimwulize "Una huzuni?" maana wengi watajibu ndiyo ili wakufurahishe. Mpe picha za nyuso achague mwenyewe.

Yule kijana nilimwombea kwa mama yake kikwembe cha marehemu. Alikinusa. Akakikunja taratibu, kona kwa kona, kama bibi alivyokuwa akikunja, akakiweka mapajani. Wiki kadhaa tulikaa hivyo. Ndipo mama yake akakubali tumpeleke kaburini. Alipapasa udongo kwa kiganja, akasema, "Bibi. Hapa."

Msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Utafiti wa Masaka na Rakai, wilaya za hapa Uganda, uliochapishwa 2003 ulifanyika katika vijiji 30. Wenyeji waliofundishwa wiki mbili tu waliendesha vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16, na sonona ilipungua sana. Walianza na neno la watu wenyewe, okwekyawa, yaani kujichukia. Kinachoniuma ni kwamba hapa kwetu tukiunda vikundi, watoto hawa hatuwaiti. Kikundi kijacho nataka waitwe, wakae kwenye mkeka pamoja nasi.

Kijana siku hizi anakula. Jioni nyingine bado hukaa mlangoni, na mama yake hutoka akakaa naye.