Shoti Mbili, Jina Moja: Mhadhara juu ya Umeme, Sumaku na Usalama

Mabibi na mabwana,

Ningependa kuanza na neno ambalo kila mmoja wetu hulitumia bila kulifikiria. Nyumba ikiungua tunasema chanzo ni shoti. Mtu akishika waya uliochubuka akatupwa kando, tunasema amepigwa shoti. Neno ni moja, lakini matukio ni mawili, na yanatofautiana kiasi kwamba kinga ya lile la kwanza, ikiwa peke yake, haimwokoi mtu aliyepatwa na la pili. Wengi ninaozungumza nao wanaamini kwamba palipo na fyuzi nzuri umeme hauwezi kuua. Imani hiyo ni ya hatari, na kwa muda niliopewa nitajaribu kuonyesha ni kwa nini, nikianzia kwenye waya wenyewe.

Mezani hapa nina betri ya volti 1.5, balbu ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya wa shaba. Nikiunganisha kipande kimoja tu kati ya betri na balbu, hakuna kinachotokea. Nikiongeza cha pili, balbu inawaka. Ni jaribio la watoto, nakiri, lakini karibu kila nitakalosema baada ya hapa limo ndani yake. Umeme haumwagiki nje ya waya kama maji yatokavyo bombani. Unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi, na njia hiyo ikikatika mahali popote, mkondo unasimama pote kwa pamoja. Njia hiyo iliyokamilika ndiyo tunayoiita sakiti.

Kinachotembea ndani ya shaba ni elektroni, chembe zenye chaji hasi ambazo katika metali hazikai na atomi moja daima. Mkondo wa ampea 1 maana yake ni kwamba elektroni zipatazo bilioni bilioni 6.24 zinapita mahali pamoja kila sekunde. Ukubwa wa idadi hiyo huwafanya watu wadhani kwamba zinakwenda kasi kama mshale, kumbe mkondo huo ukipita katika waya wa shaba wenye eneo la milimita moja ya mraba, elektroni zinasogea chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa sekunde. Konokono angeziacha mbali. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya umejaa elektroni toka mwanzo hadi mwisho, na kinachosafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga ni msukumo. Katika mkondo geu wa majumbani, ambao huenda na kurudi mara 50 au 60 kwa sekunde, yaani hezi 50 au 60, elektroni hazifiki popote: zinatikisika huku na huku palepale zilipo.

Msukumo huo tunaupima kwa volti, na kile kinachouzuia mkondo, yaani ukinzani, tunakipima kwa omu. Mjerumani Georg Ohm alichapisha mwaka 1827 uhusiano unaobeba jina lake: mkondo ni volti ukigawanya kwa ukinzani. Chukueni birika la umeme la wati 2,300 linalotumia volti 230. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo birika hilo linavuta ampea 10, na koili yake ya kuchemshia maji ina ukinzani wa omu 23. Naomba mzishike namba hizi mbili, 10 na 23, kwa sababu tutazitumia sasa hivi.

Tuseme waya wa birika hilo umebanwa mlangoni kwa miezi mingi, plastiki imekatika, na waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, umegusana na waya wa kurudi, ambao mafundi huuita nyutro. Mkondo haupiti tena kwenye koili ya omu 23; umepata njia ya mkato, ambayo ndiyo maana halisi ya shoti. Ukinzani uliobaki ni wa nyaya peke yake, pengine nusu ya omu kwa jumla, na 230 ukigawanya kwa nusu unapata ampea 460. Joto ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo uliozidi mara 46 huleta joto lililozidi zaidi ya mara 2,000. Fyuzi imetengenezwa kwa ajili ya dakika hiyo: ni uzi mwembamba wa metali unaokubali kuyeyuka kabla ya waya ulio ukutani. Sakiti breka, yaani swichi inayojikata yenyewe, hufanya kazi hiyohiyo bila kuungua. Vyote viwili vinalinda waya, na kwa kulinda waya vinaikinga nyumba na moto.

Hata kazi hiyo ina mipaka yake. Miaka kadhaa iliyopita nilichomeka hita kwenye waya wa kuongezea uliokuwa umezungushwa wote kwenye gurudumu lake, kwa uvivu wa kuukunjua, kwa kuwa hita ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye soketi. Baada ya saa moja hivi nikasikia harufu ya plastiki inayoiva. Nilipojaribu kuukunjua waya, matabaka ya ndani yalikuwa yamegandamana kama tambi zilizopoa sufuriani. Fyuzi ilikuwa nzima, na haikuwa na kosa lolote, kwa maana mkondo haukuzidi kiwango chake. Kilichozidi ni joto lililokosa pa kutokea. Rafiki yangu mmoja alinieleza kwa uhakika mkubwa kwamba waya uliozungushwa hugeuka sumaku, na kwamba sumaku hiyo ndiyo iliyouunguza. Alikosea, na kosa lake linafundisha sana, kwa hiyo nitalizungumzia tena baadaye.

Shoti ya pili ni ile inayompata mtu. Mwili nao ni ukinzani. Ngozi kavu yenye sugu inaweza kufikia omu 100,000. Ngozi iliyolowa maji au jasho inaweza kuuacha mwili na omu 1,000 hivi. Kwa volti 230, mwenye ngozi kavu atapitiwa na miliampea 2.3 (miliampea moja ni sehemu moja ya elfu ya ampea), atashtuka na kuuachia waya. Aliyelowa atapitiwa na miliampea 230. Soketi ni ileile; kilichobadilika ni ngozi. Na viwango vinavyodhuru ni vidogo kuliko watu wanavyodhani. Mkondo geu huanza kuhisiwa kwenye miliampea 1 hivi. Ukifika 10 na kuendelea, misuli ya kiganja hujikaza na mkono ukakataa kufunguka. Ndipo tunaposema umeme umemnasa mtu. Kwenye 30 misuli ya kupumulia inaweza kukwama, na kuanzia 50 hivi, ukipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kupoteza mapigo yake ya mpangilio ukabaki unatetemeka bila kusukuma damu.

Linganisheni sasa. Fyuzi ya ampea 13 inaruhusu ampea 13 bila kukatika, wakati miliampea 50 ni mara 260 chini ya hapo. Mtu anaweza kufa akiwa ameshika waya, na kwa fyuzi hiyo yeye ni mzigo mdogo kuliko balbu ya zamani ya wati 60.

Kuna kosa moja la ufungaji ambalo sichoki kulitaja. Swichi ya taa inapaswa kuukata waya wa moto. Fundi asiye makini akiiweka kwenye nyutro, taa itawaka na kuzimika vizuri tu, na mwenye nyumba hatajua lolote. Siku balbu ikiungua, atazima swichi, atapanda kiti, ataingiza kidole kwenye holda kuondoa kipande cha kioo kilichobaki, na kidole hicho kitakutana na volti zote 230, kwa kuwa kilichokatwa ni njia ya kurudi tu. Yeye mwenyewe atakuwa njia hiyo. Ndiyo sababu nasema taa kuzimika si ushahidi kwamba hakuna umeme. Rangi za nyaya nazo, kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani na manjano kwa ardhi, ni ahadi ya aliyezifunga, na nyumba za zamani zilikuwa na ahadi nyingine. Zima kwenye swichi kuu, kisha pima kwa testa ambayo umekwisha kuijaribu mahali penye umeme.

Waya wa ardhi, au erthi, huunganishwa na bodi ya metali ya kifaa. Waya wa moto ukichomoka ndani ya birika na kugusa bodi, mkondo mkubwa unakimbilia kwenye erthi na fyuzi inakatika hata kabla mtu hajagusa. Hapo fyuzi inamsaidia mtu kweli, lakini kwa sharti kwamba erthi ipo na ni nzima. Anayekata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili amelifuta sharti hilo, na bodi ya birika inabaki na umeme ikisubiri mkono.

Mkimwona mtu amenaswa, msimguse: mkono wako utaingia kwenye njia ileile. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Kama haiwezekani, na ni umeme wa kawaida wa nyumbani, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui kawaida na haitikii, ita msaada na uanze kumkandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akiamka akasema hana neno, bado aende kwa daktari, kwa kuwa umeme unaweza kuunguza misuli ya ndani na kuvuruga mapigo ya moyo huku ngozi ikionyesha alama ndogo tu. Nyaya za msongo mkubwa zilizoanguka ni jambo lingine kabisa. Mti mkavu hautoshi huko, na ardhi yenyewe ina volti zinazopungua kadiri unavyokwenda mbali, kiasi kwamba hatua ndefu inaweza kuweka mamia ya volti kati ya mguu na mguu. Aliyejikuta karibu aburute nyayo zikiwa zimegusana mpaka afike mbali.

Sasa sumaku. Ninaweka dira juu ya meza na kuunyoosha waya juu yake, sambamba na sindano inayoelekea kaskazini. Naunganisha betri kwa sekunde moja tu, maana hii nayo ni shoti: sindano inageuka. Nageuza ncha za betri: sindano inageukia upande wa pili. Hans Christian Ørsted aliyaona haya mjini Copenhagen mwaka 1820, na hadi hapo umeme na sumaku zilikuwa zikichukuliwa kuwa mambo mawili yasiyojuana. Kila mkondo unazungukwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi. Mwaka 1831 Michael Faraday, akiwa London, alizungusha koili mbili kwenye pete moja ya chuma, akapitisha mkondo katika ya kwanza, na kuona mkondo unazuka katika ya pili kila alipowasha na kila alipozima, lakini si wakati mkondo umetulia. Kinachozalisha umeme ni uga wa sumaku unaobadilika. Transfoma na jenereta zote zimetoka hapo.

Angalieni tena. Naupitisha waya wa kwenda na waya wa kurudi pamoja juu ya dira, ukiwa mmoja umelala juu ya mwingine. Naunganisha, sindano imetulia. Mkondo upo, lakini mikondo miwili iliyo sawa na yenye mwelekeo kinyume inafutiana uga. Hili ndilo jibu kwa rafiki yangu: ndani ya waya wangu wa kuongezea mkondo ulikuwa ukienda na kurudi bega kwa bega, kwa hiyo gurudumu lile halikuwa sumaku ya maana, liliungua kwa joto tupu.

Na hili ndilo jibu la shoti ya pili. Kifaa hiki kidogo kwenye bodi ya nyaya, kinachokata umeme unaovuja, ndani yake kina pete kama ya Faraday. Waya wa moto na nyutro vinapita pamoja katikati ya pete. Mkondo unaokwenda ukiwa sawa na unaorudi, pete haina uga. Mtu akigusa waya wa moto akiwa amekanyaga sakafu, sehemu ya mkondo inarudi kupitia ardhini badala ya nyutro. Mizani inavunjika, uga unazuka katika pete, uga unaobadilika unazalisha umeme katika koili ya tatu, na umeme huo unafyatua swichi. Vile vilivyokusudiwa kumlinda mtu vimewekewa kiwango cha miliampea 30, na kwa kawaida hukata ndani ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Mtu anaweza kuuhisi mshtuko. Kinachofupishwa ni muda wake. Lakini akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku amesimama juu ya kitu kisichopitisha umeme, kinachokwenda na kinachorudi vinabaki sawa, na pete haitambui kama katikati yuko mtu au birika.

Kifaa hiki kina kitufe cha majaribio, ambacho kinastahili kubonyezwa mara kwa mara kama mtengenezaji alivyoelekeza, maana kikigandamana ndani hakuna dalili nyingine itakayoonekana. Kitufe hupitisha mkondo mdogo nje ya pete, kana kwamba umevuja. Taa hii ya mezani imeunganishwa nacho, pamoja na fyuzi. Nabonyeza. Taa imezimika, na fyuzi, kama mnavyoona nikiifungua, uzi wake ni mzima.